Vani ya Mama Viti

Mpira wa kupitishia hewa kwenye injini haukuchomoka wenyewe. Ulichomolewa. Kibanio chake kilikuwa kimelegezwa kwa bisibisi, kikasogezwa kando taratibu, kisha kikakazwa tena mahali pasipo na kazi. Mpira uliozeeka hauna adabu hiyo.

Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio kwa sababu hutambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza, aliinuka polepole akamtazama mwenye gari. Mama Viti, mjane anayekodisha viti vya sherehe, alisimama kando ya boneti na kidaftari chake, macho makavu.

"Umeona nini, fundi?"

"Bado natafuta," akadanganya.

Hii ilikuwa Jumamosi ya nne. Ya kwanza vani iliugua kweli: ikisimama inatetemeka na kuzima, ikikanyagwa mafuta inajikwaa kabla ya kuvuta. Gari la miaka ishirini na mitano, mlango wa hewa umeganda masizi. Sikio alipokuwa anausafisha, Mama Viti alisema angependa kuyajua mambo haya mwenyewe. Sikio alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Mama, wewe shughulika na viti. Injini tuachie wenyewe."

Jumamosi ya pili, waya wa sensa ya joto ulikuwa umechomoka. Ya tatu, plagi moja imelegea. Na leo hili.

Mchana alimweleza dada yake, anayemletea chakula gereji tangu mkewe aondoke.

"Analiharibu gari lake kwa mikono yake, dada. Halafu analileta kwangu."

Dada akafunika bakuli. "Mdogo wangu, miaka hamsini na bado kichwa maji? Huyo kakupenda. Anatafuta sababu."

Ukweli ni kwamba Sikio naye alimpenda yule mama, tena sana, ila hakujua pa kuanzia. Maneno ya mapenzi hakuwa nayo, basi akampa aliyokuwa nayo.

Tangu siku hiyo kazi ya dakika kumi ikawa inakula saa tatu. Alimwonyesha kunyunyiza maji kwenye mpira unaoutilia shaka: injini ikibadili sauti, hewa inaingilia hapo. Alimwonyesha kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nozeli ya kupulizia mafuta na mpini sikioni: nzima inagonga, mbovu iko kimya. Waliinama pamoja, bega kwa bega.

"Rudia tena," Mama Viti akimwambia, naye alirudia kwa moyo wake wote.

"Na ikikosa nguvu mlimani?"

"Anza na filta ya mafuta, kisha pampu. Usikimbilie kununua sensa."

Mama Viti akaandika.

Jumamosi ya nane hakuja. Ya tisa hakuja. Ya kumi, wapi! Wateja wengine nao walikuwa wamepungua, jambo ambalo Sikio alilishukuru, maana lilimpa nafasi ya kuwaza.

"Kachoka kukusubiri," dada akasema. "Wewe mwanamume au gogo? Vaa, twende ukaseme."

Akanunua shati jeupe. Akasugua kucha kwa petroli, kisha sabuni, kisha limau. Njia nzima dada alikuwa akijisemea kimoyomoyo hotuba ya posa, na Sikio akijifuta jasho, akiomba tu asikataliwe.

Geti la Mama Viti lilikuwa wazi. Viti havikuwepo. Uani palikuwa na magari matatu, boneti juu, na wenyewe wamejipanga kwenye benchi. Kutoka kwenye injini ya gari la katikati likachomoza ovaroli la buluu, na ndani yake Mama Viti, grisi mpaka kwenye paji la uso, amejaa furaha.

"Jamani, fundi! Afadhali umekuja mwenyewe!" Akawageukia wale wa benchini. "Si mliniuliza nimejifunzia wapi? Mwalimu wangu huyu hapa."

Wateja wote watatu, ambao Sikio alikuwa amewatengenezea magari kwa zaidi ya miaka kumi, wakainama kuangalia viatu vyao.