Mkwe Aliyeitisha Kura

Lilian alisimama kuwahutubia wanakijiji, akaipa meza kuu kisogo.

Kwa watu wa kule milimani Rungwe hapakuwa na ajabu. Mezani alikaa Mzee Ambindwile, mwenyekiti wa kijiji na baba mkwe wake, na mke aliyefundwa Kinyakyusa hakutani macho na baba mkwe wala halitaji jina lake. Ajabu ilikuwa maneno yenyewe: mkwe anataka mzee aondolewe.

"Eneo la zahanati kapewa mfanyabiashara wa parachichi, sisi hatukuulizwa," alisema. "Juzi Tulinagwe kajifungulia njiani, mtoto hatunaye. Anayetaka mwenyekiti atoke, anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka. Watu waliangalia mezani, nyuma ya mgongo wake.

Kwa siku nyingi alikuwa amezunguka nyumba hadi nyumba na Mwanaamina, muuza khanga, na kila waliyemkuta aliwaitikia. Leo wote mabubu. Lilian aliona aibu, na zaidi ya aibu, alijiona mkosaji. Mwanawe Ezron aliposhikwa na degedege, ni mzee huyu aliyembeba mvuani mpaka hospitali, Tukuyu. Fadhila za punda ni mateke, na punda wa leo alikuwa yeye.

Mara mikono ikaanza kunyooka, mmoja huku, mmoja kule, kisha uwanja mzima. Mtendaji akahesabu, akatangaza kuwa mwenyekiti ameondolewa. Vigelegele vikapigwa.

"Umewaamsha, shoga yangu," Mwanaamina alimwambia, akimkumbatia.

Lilian hakuweza hata kutabasamu. Alirudi nyumbani akapika ndizi, akampelekea mumewe, Obed, ambaye naye alikuwa mkutanoni.

"Baba Ezron, nimemdhalilisha mzee mbele za watu," alisema. "Mkiamua kunirudisha kwetu, sitalalamika. Nimeyataka mwenyewe."

Obed alinawa mikono, lakini hakugusa chakula.

"Nani akurudishe? Mzee anasema ulisema kweli, eneo lile alilitoa yeye."

"Lakini ni mimi niliyewaamsha watu wamng'oe."

"Hukumwamsha mtu, Mama Ezron. Walikuwa wanamwogopa, wanamwangalia yeye tu. Walinyoosha mikono walipoona mzee amenyoosha wa kwake."