Bega la Shekue

Tangu alipoumia mgongo akipakua saruji bandarini, Shekue alikuwa akilipwa fidia kwa sharti moja: kifaa ambacho kampuni ilimshonea kiunoni kisisikie mzigo unaozidi kilo tano. Kikisikia, basi mtu amepona, fidia inakoma, na rufaa hakuna. Miaka sita hii hata ndoo ya maji alibebewa na mkewe.

Leo wanamzika mama yake. Wanaume walipokezana jeneza huku wakileta tahlili, naye akafuata nyuma, mikono kifuani. Watu wakaanza kumtazama.

"Shekue," mjomba wake alimwita kwa sauti ya chini, "mamako anabebwa na majirani?"

"Mjomba, hali yangu unaijua."

"Naijua. Njoo uguse tu."

Kwenye lango la makaburi alisogea, akanyoosha vidole auguse ubao. Jirani aliyekuwa amebeba akachomoka upesi, kama ilivyo ada, kumpisha mwana wa marehemu. Uzito ukamwangukia begani. Maumivu yakampanda hadi kisogoni, akauma meno, hakuachia.

Kifaa kikatetemeka, kikasema kwa sauti laini iliyosikika hadi safu ya nyuma:

"Hongera, Shekue. Umepona. Kesho saa moja asubuhi uripoti kazini."

Tahlili ikakatika. Kaburi lilikuwa bado hatua arobaini.