Mchanga Kwenye Toroli

Toroli lilikuwa na mchanga mbichi tena.

Mfuga chaza aliuchota kwa kidole, akaunusa. Wa ufukweni. Akamtupia jicho mama mkwe wake, aliyekuwa uani akipepeta mchele, ametulia kama hajui lolote.

"Mama, toroli langu lilikwenda wapi?"

"Mimi nitajuaje, baba? Liulize toroli lenyewe."

Tangu mkewe afariki waliishi nyumba moja kwa ajili ya mtoto tu. Kilichowatenganisha hakikuwa siri. Wataalamu walitaka kuufungulia mto njia mpya, ulete tope, ufukwe ulioliwa na bahari ujengeke upya. Lakini maji ya mto yangeua chaza, na chaza ndio waliomsomesha mtoto na kuinjika sufuria. Yeye ndiye aliyeongoza upinzani. Mkutanoni mama mkwe alisimama peke yake: "Na mwanangu aliyelala pale mchangani?"

Mradi ukafutwa. Tangu siku hiyo bibi hakuutaja tena, na ukimya huo ndio uliomtia mkwewe wasiwasi.

"Anauza mchanga wa ufukweni," alimnong'oneza shemeji yake. "Anataka bahari ifike upesi, nionekane mjinga."

"Mama yangu? Na mgongo ule?" Shemeji aliangua kicheko. "Basi tumtafutie lori kabisa."

Yeye hakucheka. Kila Jumapili alishuka kwenye kaburi la mkewe, lililokuwa peke yake katika uwanda wa mchanga mtupu chini ya nyumba. Jiwe lilisimama mbali na mawimbi kama siku zote. Bahari haijasogea, alijiambia, sikukosea. Hata njia yenyewe siku hizi haikumchosha kama zamani. Watu walimwambia ndivyo msiba unavyopoa.

Asubuhi moja alijifanya anakwenda kwenye chaza, akazunguka, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Mama mkwe akateremka na toroli, jembe likigongagonga ndani. Alipita ufukweni bila kuchota hata konzi. Akafika kaburini, akachimbua kando ya jiwe, akalikumbatia, akalilaza torolini.

Mkwewe akachomoka mbio.

"Mama! Hata jiwe la marehemu unaiba?"

Hakushtuka. Alilisukuma toroli hatua kadhaa kuelekea nyumbani, akasimama, akaanza kuchimba shimo jipya.

"Maadamu umekuja, shika upande huo. Ni zito."

"Unahamisha jiwe, marehemu mwenyewe unamwachia nani?"

Mama mkwe aliegemea jembe. Kwa kidevu akaonyesha mbali, ng'ambo ya mawimbi, upande wa nguzo za chaza.

"Mwenyewe bahari ilimchukua masika yale ya kwanza baada ya mkutano, baba. Jiwe hili nakusogezea wewe, kila maji yakikaribia."