Kibali cha Kumzika Mzee Vuai

Siku hizi kila mtu hubonyeza kitufe cha "Nipo" kila saa. Asiyebonyeza huhesabiwa maiti. Mzee Vuai, mvivu wa kuzaliwa, alitia kwenye kompyuta programu ya kumbonyezea. Alipofariki alfajiri ikaendelea kubonyeza, na neno la siri kaondoka nalo.

Adhuhuri mkewe, Bi Mashavu, alikuwa bado kwa sheha, miguu imemvimba, akiomba kibali cha kuzika.

"Bibi, mumeo yupo. Kabonyeza sasa hivi."

"Basi mwambie aje ajioshe mwenyewe, waoshaji wamechoka kungoja."

Sheha hakucheka. Alikitazama kioo cha kompyuta yake.

"Na wewe saa yako imepita, hujabonyeza."

Kibali kikatoka papo hapo: Mzee Vuai anaruhusiwa kumzika mkewe.

Bi Mashavu alikifunga kwenye upindo wa kanga. Kwa uchovu ule, hakuona la kubisha.