Kibao cha Rangi ya Kucha

Haya, tegueni: nani hunong'ona akasikika ng'ambo ya vilima, na jirani yake mpayukaji hasikiki hata uani? Mmeshindwa? Nipeni mji, basi, niwasimulie.

Mwatatu alitengeneza redio mbili za kuandikiana. Njia za umeme alizichora kwa rangi ya kucha juu ya kibao cha shaba, akakitia katika dawa ilayo shaba, isiyopakwa ikaliwa, njia zikabaki. Redio moja alimpa dada yake, Sikudhani, aishiye juu mtoni kusikofika simu. Mto ukifura, amwambie, watu wa bondeni wahame.

Akaja Mhandisi Kitwana, mwenye mnara wa simu mjini, kitambi mbele, heshima nyuma.

"Rangi ya kucha! Bi Mwatatu, hii redio au bibi harusi?"

"Mnara wako ule mrefu unafika wapi, Mhandisi?"

Akajifanya kiziwi. "Na betri ya tochi! Haivuki choo chako hii."

Mwatatu akamwandikia dada yake: Maji je? Kimya. Mhandisi akacheka mpaka kifungo cha shati kikaruka.

Kioo cha redio kikawaka: Yanakuja, hamisheni watu. Nilikuwa nafungua mbuzi.

Kicheko kikamkauka. Mama yake mzazi alikaa bondeni.

"Nilikuuliza," alisema Mwatatu, akijifunga kanga kiunoni. "Mnara unafika wapi?"

Mhandisi alikwisha kuvua viatu vyake vya kung'aa, apate kukimbia.

"Sokoni tu, dada."