Mgonjwa wa Bafuni

"Mwambie nimesafiri," Rifaat alisema kutoka bafuni.

Mkewe, Inayat, akamgeukia muuguzi Bahija aliyeketi sebuleni. "Amesafiri."

"Nimesikia. Safari njema."

Kazi ya Bahija pale mjini Mansura ilikuwa kuwafuata watu waliogunduliwa juzijuzi kuwa na homa ya ini aina ya B, wasije wakayeyuka kabla ya kufika kliniki. Rifaat alikwenda kumtolea damu shemeji yake aliyefanyiwa upasuaji. Damu ikakataliwa, naye tangu hapo hapokei simu. Bahija alishazoea mambo hayo. Majuzi alimfuata mwashi mmoja hadi kwenye jukwaa la ujenzi, na mwashi akashuka mwenyewe. Huyu wa bafuni ndiye aliyemshinda.

Akausogelea mlango. "Mwanangu, ni kupima tu virusi ni vingi kiasi gani, na ini likoje. Huenda hata dawa usihitaji kwa sasa."

"Pale kliniki kila mtu ananijua."

"Ndiyo. Watafurahi kukuona."

"Dada yangu ameniletea asali na habasoda."

"Paka kwenye mkate, ule. Kisha uje kliniki."

Inayat hakucheka. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. "Ametenga sahani yake na gilasi yake," alisema. "Kutibiwa ndiko hataki. Hata mimi kupimwa nimekwenda peke yangu, kama mjane."

"Ugonjwa huu haupiti kwenye sahani," Bahija aliuambia mlango. "Na wewe si wa kufundishwa haya. Mtu na akili zako."

Bafuni maji yakafunguliwa.

Honi ikalia nje. Mlango wa bafu ukafunguka, Rifaat akatoka amevaa suti na tai, amenyoa, ananukia marashi.

"Kesho," alisema bila kumtazama. "Labda."

Akapita, akaingia garini.

Muda si mrefu, ukumbi mkubwa wa mkoa ulisimama wote kumpigia makofi. Mshereheshaji akamkaribisha kwa unyenyekevu: Daktari Rifaat Gindi, mkuu wa kampeni ya homa ya ini, aje awaeleze wageni kwa nini watu wakishaambiwa wameambukizwa hawaendi kutibiwa.

Rifaat alikisogeza kipaza sauti, akawatazama kwa huruma.

"Ujinga," alisema.