Jua la Uani Kwetu

Siku hizi nchi haziuziani kwa fedha; ni kitu kwa kitu. Nchi moja ya kaskazini, ambako majira ya baridi hakupambazuki, ilikuwa na dawa ya figo. Korosho zetu waliziona, wakasema hawana haja nazo. Walitaka jua. Basi kila siku vioo vilivyotandazwa angani huwapelekea saa yetu ya kwanza ya jua, na hapa Mtwara hadi saa moja asubuhi ni giza totoro.

Nililalamika sana. Korosho zangu zilichelewa kukauka, na jogoo hakujua tena awike lini. Lakini mume wangu, Chilumba, aliinywa ile dawa, uvimbe ukamtoka miguuni, akaanza kutembea mwenyewe hadi sebuleni.

"Mama Asumini, njoo uone!" aliniita leo asubuhi, gizani.

Kwenye runinga, watu wa kule walikuwa wamesimama kwenye theluji, wamevua kofia, wengine wanalia. Mama mmoja alimwinua mtoto wake mchanga, nuru ikamjaa usoni.

"Subhanallah," nikanong'ona. "Hilo si ndilo jua la uani kwetu?"

Mwanga wa runinga ulifika hadi mlangoni. Jogoo akauona, akawika kwa nguvu zake zote.

Kisha mtangazaji akasema dawa ya mwakani iko tayari, ila wenzetu sasa wanaomba na saa ya pili. Chilumba aliinama, hakuthubutu kunitazama. Nikaushika mguu wake, ule uliokuwa umevimba.

"Wapewe," nikaiambia runinga.